Kanisa la Maboksi na Ugonjwa Wetu wa Zege

Kuna neno moja la Kiswahili cha kanisani ambalo natamani lipewe likizo: "la kudumu". Utalisikia kila Jumapili kwenye matangazo, kuanzia Tunduma hadi Ilula. "Tunaendelea na ujenzi wa kanisa letu la kudumu." Lile tunalosalia leo, lenye mabenchi ya mbao na bati lililotoboka, ni "kanisa la muda", hata kama lina miaka 25 na limebatiza watoto ambao sasa wanaleta watoto wao kubatizwa. La kudumu ni lile pagale lililo nyuma yake, ambalo halijafanyiwa hata ibada moja. Yaani kilichopo ni cha muda, na kisichokuwepo ndicho cha kudumu. Tumezoea kulisema hivyo mpaka hakuna anayecheka.

Nataka kugombana na neno hilo, na silaha yangu ni kanisa moja la maboksi.

Liko Christchurch, mji wa kisiwa cha kusini cha New Zealand. Nililiona Julai 2018, nilipokuwa huko kwa mafunzo ya muda mfupi. Julai kwao ni kipupwe kama kwetu, baridi ile ya Kitulo inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mji ulikuwa bado una mapengo mengi, viwanja vitupu vya kokoto katikati ya mitaa, kama mdomo wa mzee. Tarehe 22 Februari 2011, mchana, watu wako kazini na wengine wanatafuta chakula, tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliupiga mji ule na kuua watu 185. Kanisa kuu la Waanglikana, la mawe, lililokaa katikati ya mji tangu karne ya 19, lilipoteza mnara na uso wake wa mbele ukafumuka. Waanglikana wakamwita msanifu majengo wa Kijapani, Shigeru Ban, awachoree kanisa la kusalia wakati wanafikiria la kufanya na magofu yao. Akachora bila kudai malipo. Agosti 2013 wakalifungua.

Ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye viwanja vya Latimer, ni pembetatu. Basi. Ni kama daftari lililosimamishwa likiwa wazi, mgongo juu. Mbele pana kioo kikubwa kilichogawanywa pembetatu ndogondogo za rangi, na picha zilizomo zimechukuliwa kutoka dirisha la duara la kanisa lililobomoka. Ndani, mabomba ya karatasi ngumu, manene kama pipa, yamepandishwa kutoka pande mbili yakakutana juu, zaidi ya mita 20 kutoka sakafuni ukifika kwenye madhabahu. Kati ya bomba na bomba wameacha nafasi, na paa lililo juu yake ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kwa hiyo mchana mwanga unaingia kwa mistari na kutembea taratibu juu ya viti. Pembeni wamepanga makontena 8 ya meli, yaleyale tunayoyaona yakipita Uyole kila siku kwenda Zambia na Kongo. Msalaba nao ni wa mabomba ya karatasi. Watu 700 wanaenea.

Mwendo mfupi kutoka pale, kwenye kiwanja cha kanisa jingine lililoanguka, palikuwa pamepangwa viti vyeupe 185, kila kimoja cha aina yake: cha ofisini, cha jikoni, cha magurudumu, na kile cha mtoto mchanga cha kufunga ndani ya gari. Nilipitia kule kwanza, halafu ndipo nikaingia kwenye kanisa la maboksi. Nadhani ndiyo njia sahihi ya kuliingia. Baada ya vile viti hutaki mtu akuonyeshe jiwe lililoning'inia juu ya kichwa chako na kukuambia ni utukufu.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, lakini. Si kanisa la bei ya dezo. Liligharimu karibu dola milioni 6 za kwao. Msingi wake ni zege. Ndani ya mabomba ilibidi wapachike mbao za kuyatia nguvu, kwa sababu viwanda vya kule havikuweza kutengeneza bomba nene kiasi Ban alichotaka. Na palikuwa na kesi: mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema fedha za bima ya kanisa la zamani haziruhusiwi kujengea lile la muda, Waanglikana wakalazimika kuhangaika kwingine. Hayo yote ni kweli, na anayetaka kulisema vibaya kanisa lile asihangaike kutafuta, nimeshamtafutia.

Ila Ban hakuanzia hapo, na kilichonigusa zaidi ni alikoanzia. Januari 17, 1995, tetemeko lilipiga Kobe, Japani. Watu zaidi ya 6,000 walikufa, na moto ukafuata. Katika mtaa wa Nagata, Kanisa Katoliki la Takatori liliungua. Waumini wake wengi walikuwa wakimbizi wa Kivietnam waliokuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya viatu vya eneo lile, na baada ya tetemeko walikuwa wakilala kwenye mahema. Ban alikwenda mwenyewe, bila kuitwa, kupendekeza kanisa la karatasi. Paroko hakurukia wazo hilo, na nani angemlaumu: watu hawana pa kulala, wewe unaleta habari za kanisa? Mwishowe vilijengwa vijumba vya karatasi vya wakimbizi, msingi wake makreti ya bia yaliyojazwa mifuko ya mchanga, na likajengwa kanisa, mabomba 58 ya karatasi yaliyosimamishwa kwa umbo la yai. Walijenga watu wa kujitolea, kama 160 hivi. Wiki tano.

Lilisimama miaka 10. Lilipofunguliwa vipande mwaka 2005 halikwenda jalalani. Lilipelekwa Taiwan, kwenye kijiji cha Taomi, ambacho nacho kilikuwa kimepigwa na tetemeko la 1999, likasimamishwa tena mwaka 2008. Kanisa la muda limehudumia majanga mawili katika nchi mbili. Nionyesheni kanisa la kudumu la zege lenye wasifu kama huo.

Na lile la mawe la Christchurch? Historia yake ingechekesha kama isingekuwa ya kusikitisha. Lilianza kutumika mwaka 1881, na mwaka huohuo tetemeko likadondosha jiwe kutoka kilele cha mnara. Mwaka 1888 sehemu ya juu ya mnara ikaanguka. Wakarudishia mawe. Mwaka 1901 ikaanguka tena. Hapo ndipo walipoona waweke mbao zilizofunikwa shaba. Wahamiaji kutoka Uingereza walikuwa wamebeba ramani ya mnara wa nchi ambayo ardhi yake imelala, wakaupanda kwenye ardhi inayogeuka usingizini, halafu kila ukianguka wanashangaa. Baada ya 2011 wakabishana miaka sita kama libomolewe au lirudishwe. Mwaka 2017 sinodi ikapiga kura lirudishwe. Kazi ikaanza, na Agosti 2024 ikasimamishwa kwa kukosa fedha. La kudumu limefungiwa uzio, la muda lina ibada.

Nilituma picha za kanisa lile kwenye kundi la WhatsApp la usharika wetu. Usharika wenyewe siutaji. Uko Mbeya, inatosha. Jibu la kwanza lilikuwa: "Hilo ni kanisa au banda la kuku wa mayai?" La pili, vikatuni vya kucheka mpaka machozi. La tatu lilitoka kwa mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, wa umri wa baba yangu: "Mwanangu, nyumba ya Mungu haijengwi kwa takataka."

Nikamjibu: "Shikamoo baba. Na ule ukuta wetu ulioanguka ulijengwa kwa nini?"

Kundi likanyamaza mpaka jioni, mtu alipotuma tangazo la msiba.

Ukuta wenyewe ni huu. Kanisa letu la kudumu lilianza kwa tofali za kuchoma, kama yalivyo mengi huku Nyanda za Juu. Sina ugomvi na tofali za kuchoma. Majengo ya kale ya misheni ya Wamoravian pale Rungwe na kanisa la Tosamaganga kule Iringa ni tofali, na ni mazuri mno. Lakini wale waliojenga walikuwa na kuta nene, nguzo za kuegemeza, na subira. Sisi tulipandisha ukuta wa tofali moja, mrefu kwenda juu na mrefu kwenda mbali, bila mkanda wa zege wa kuufunga juu, bila nguzo katikati, kwa sababu nondo zilikuwa zinasubiri "awamu inayofuata". Ukuta ukakaa hivyo masika mawili, uchi, ukinyeshewa. Masika ya tatu, usiku wa Jumanne, upande mzima ukalala chini. Ulilalia mahali ambapo watoto wa shule ya Jumapili hutandika mkeka, kwa kuwa asubuhi pana kivuli. Ilikuwa Jumanne. Ilikuwa usiku. Nyingine zote ni hesabu za siku na saa ambazo sipendi kuzifanya.

Jumapili iliyofuata tuliambiwa ni adui anashindana na kazi ya Bwana. Eti adui! Kukatangazwa mchango maalumu, ukaendeshwa mnada baada ya ibada, jogoo mmoja akauzwa mara sita, na baada ya wiki tatu ukuta ulikuwa umerudi: fundi yuleyule, tofali zilezile zilizookotwa chini, unene uleule. Mkanda bado uko awamu inayofuata. Shetani ana dhambi nyingi, lakini hii ya kupandisha ukuta bila mkanda tumemsingizia.

Mtu wa Dodoma anaweza kuniambia napiga kelele bure, ukuta mmoja umeanguka kwa mvua, imekwisha. Mtu wa Mbeya hana haki ya kusema hivyo. Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa upande huu, la Nyasa upande ule, na Usangu mashariki. Milima tunayoipigia picha, Rungwe na Ngozi na wenzao, ni volkano. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4 lilitokea upande wa Rukwa, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika katika karne ile. Mwaka 1910 nyumba nyingi za huku zilikuwa nyepesi. Wanyakyusa walikuwa wakijenga kwa mianzi, nyumba ambazo wageni wa kwanza kutoka Ulaya walizisifu kwa usafi na ufundi wake. Mwanzi ukitikiswa unayumba na kurudi, na hata ukianguka haumponde mtu. Leo huwezi kumshauri mtu wa Tukuyu ajenge kwa mianzi, atadhani unamtukana. Mianzi ni ya umaskini, zege ni ya maendeleo. Hivyo kama 1910 itarudi, na hakuna sheria inayoizuia kurudi, itatukuta chini ya vitu vizito kuliko vile vya babu zetu.

Na tusijifanye hatujawahi kuonywa. Tooro, magharibi mwa Uganda, Machi 20, 1966: zaidi ya watu 150 walikufa, na kanisa kuu la Wakatoliki pale Virika, Fort Portal, liliharibika ikabidi kujenga jingine. Bukoba, Septemba 10, 2016: tetemeko la 5.9, watu 17 wakafa, Sekondari ya Ihungo ikafungwa majengo yake yakajengwa upya. Ukubwa wa 5.9 ni mdogo kwa viwango vya Wajapani. Kilichoua ni kuta, kuta za kawaida, kama zangu na zako. Baada ya Bukoba nchi ilibishana kwa miezi kuhusu fedha za maafa, nani apewe, zijenge nini kwanza. Mjadala halali kabisa. Lakini sikusikia kamati ya ujenzi ya kanisa lolote huku kwetu ikisema: ngoja, hebu tutazame ramani yetu upya. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilishuka Itezi, hapahapa Mbeya mjini, likafunika nyumba zipatazo 20 pamoja na shule. Tukaenda, tukapiga picha, tukatoa pole. Jumapili tukarudi kwenye michango ya mnara.

Ndiyo, mnara. Ramani ya kanisa letu ina minara miwili. Niliuliza kwenye kikao ni ya nini. Si ya kengele, kengele yetu ni chuma cha gurudumu kinachoning'inia kwenye mti, na kinasikika vizuri tu. Nikaambiwa "ni muonekano". Muonekano uliotoka wapi? Kwenye kalenda. Sitanii, kwenye kalenda ya ukutani yenye picha ya kanisa la Ulaya, mtu kaikunja akampelekea mchoraji.

Hapa ninawageukia wasomaji wa ukurasa huu, kwa kuwa nyinyi ni watu wa kuhakiki. Tunahakiki riwaya ya kurasa 120 iliyosomwa na watu 300. Tunagombana juu ya vina na mizani hadi usiku wa manane. Jengo linalosomwa na watu 800 kila Jumapili kwa miaka 60, lililogharimu mauzo ya viazi ya kata nzima, halina mhakiki hata mmoja. Hakuna anayeuliza kama linasema kweli. Jengo linaweza kudanganya kama kitabu kibaya kinavyodanganya: nguzo za mbele ni jipsamu iliyopakwa rangi ya mawe, tao la mlango halibebi kitu, na mnara hauna kengele. Lile la maboksi, pamoja na makosa yake, halidanganyi. Bomba unaliona ni bomba. Kontena ni kontena. Linakuambia: tumepigwa, hiki ndicho tulichonacho, karibu.

Machi iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, mchana, dirishani, nikaamua kuhesabu mapagale ya makanisa yanayoonekana kutoka barabarani. Hayana dhehebu: wetu wapo, Wakatoliki wapo, Wapentekoste wapo. Kuta bila paa, madirisha ya tao yakitazama anga, mahindi yamepandwa ndani kwa sababu udongo upo na ukuta unazuia mbuzi. Karibu na kila pagale pana kibanda cha bati chenye watu. Nilipofika Makambako niliacha kuhesabu.

Baada ya Makambako mandhari inabadilika, na hapo ndipo hasira yangu ilipopata chakula cha kutosha. Unaingia Mufindi, msitu wa Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Misonobari pande zote mbili, kilomita baada ya kilomita. Malori ya magogo. Mafinga inanuka mbao mbichi. Na ndani kule, Mgololo, kiko kiwanda kikubwa cha karatasi kilichojengwa miaka ya 1980, ambacho kinatengeneza nini? Karatasi ngumu ya kahawia, ya maboksi na mifuko. Karatasi ya ukoo uleule wa mabomba ya Ban.

Karatasi ya namna hiyo inaingia kwenye makanisa yetu kila wiki ikiwa imebeba saruji. Tunapasua mfuko, tunamwaga saruji, karatasi tunawashia moto wa kuchemshia chai ya mafundi.

Tena Iringa mjini kanisa lenyewe linatengeneza karatasi! Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Waanglikana, ulianza na vijana viziwi watatu wakitengeneza karatasi kwa mkono, hata kwa kinyesi cha tembo. Watalii wanaipenda, wanainunua, wanaondoka nayo. Ukimwambia mzee wangu wa WhatsApp kwamba watu wa kanisa, walemavu ambao jamii ilikuwa imewaficha ndani, wametoa karatasi nzuri kutoka kwenye mavi ya tembo, atasema Bwana asifiwe. Ukimwambia basi tufikirie jengo kwa moyo huohuo, tuanze na kilichopo, atasema takataka.

Najua majibu, nimeshayasikia yote. La kwanza ni mchwa na mvua. Mvua ya Mbeya si ya mchezo, na mchwa wa Iringa wanakula mpaka mpini wa jembe. Sawa. Lakini sijasema tujenge kwa karatasi kesho asubuhi. Ban mwenyewe alifunika mabomba yake, akayatia mbao, akayaweka juu ya zege. Tunayo mbao. Tembea nchi hii utazame nguzo za umeme: nyingi ni miti ya huku Nyanda za Juu iliyotiwa dawa, imesimama mvuani na juani miaka na miaka, mchwa anaizunguka na kuondoka. Nguzo inayobeba umeme wa wilaya inashindwa kubeba paa la kanisa? Paa jepesi juu ya nguzo za mti, ukuta wa tofali mfupi wa kufika kifuani, juu yake mbao au mianzi, hewa inapita, mwanga unaingia. Ardhi ikitikisika, paa linalia na kuyumba. Watoto wanatoka.

Jibu la pili ni la Maandiko: Mungu anastahili kilicho bora, tazama hekalu la Sulemani. Wanaoruka kwenda kwa Sulemani wanaruka juu ya hema. Miaka yote ile ya jangwani Mungu wa Israeli alikaa kwenye hema la ngozi na vitambaa lililohamishwa huku na kule, likifunguliwa na kufungwa, na Daudi alipotaka kumjengea nyumba ya mwerezi, nabii Nathani alitumwa kumwambia kwamba Mungu hakuwa amemwomba mtu yeyote nyumba. Someni 2 Samweli sura ya 7 kwenye kikao cha kamati, kabla ya taarifa ya mhasibu. Na hekalu la Sulemani liliishia wapi? Lilichomwa.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma. "Hayo ni ya Wazungu na Wajapani, wenye pesa za kuchezea." Wavietnam wa Nagata hawakuwa na pesa za kuchezea. Walikuwa na turubai. Anayechezea pesa ni nani kati yetu na wao? Usharikani kwetu yupo mama mmoja anauza viazi Uyole, kwa ndoo, pembeni ya barabara, vumbi la malori lote lake. Ana kadi ya ahadi ya ujenzi. Amekwishaimaliza mara tatu na mara tatu amepewa nyingine, kwa sababu awamu hazimaliziki. Mwaka juzi alichelewa, jina lake likasomwa mbele ya madhabahu pamoja na wengine "ambao hawajakamilisha". Alisimama. Niliona mgongo wake. Ile fedha aliyokuwa anadaiwa, kwa mujibu wa mgawanyo wa awamu uliobandikwa mlangoni, ilikuwa ya plasta ya minara.

Zege lenyewe siligombezi, ni jiwe la kimiminika tu. Nagombana na ibada yake, kule kuamini kwamba uzito ni heshima, na kwamba usharika usio na minara miwili haujafika. Imani hiyo ina waathirika wake, nao wana majina, yalisomwa kwa kipaza sauti. Ukiuliza kwa nini vijana wanahamia kwenye makanisa ya maturubai na viti vya plastiki, utaambiwa ni muziki na miujiza. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba kule kwenye turubai hakuna anayewadai plasta. (Ingawa nao, subirini kidogo, wakipata kiwanja mtaona. Bango la "kanisa la kudumu" linawekwa kabla ya choo.)

Ninachokiomba kwa kamati za ujenzi, kuanzia ya kwetu, si kitu cha ajabu. Kabla ya kununua tani nyingine ya nondo, simamisheni kazi ya minara. Fungeni kuta zilizopo kwa mkanda, mwaka huu, kabla ya masika. Fedha za minara zinatosha kwa hilo, nimeshaangalia mgawanyo mlangoni. Mkeka wa watoto uhamishwe leo. Halafu mtafuteni mtu aliyesomea kazi hii awachoree paa la mbao za Mafinga badala ya lile la zege lililoko kwenye kalenda. Hatuna haja ya kumwita Mjapani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko palepale Iyunga, na kinafundisha usanifu majengo. Wanafunzi wake wanachora majengo ya kufikirika kila muhula na kuyahifadhi kabatini. Nimeuliza kwenye vikao vya sharika nne za jirani kama kuna kamati iliyowahi kwenda kugonga mlango kule. Hakuna. Daladala za Iyunga zinapita mbele ya kanisa letu kila baada ya dakika chache.